Dodoso la AVEC Kadutu: "Nakubali sana" mpaka "Sikubali sana" inafaa kweli?

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Jambo kwa wote. Dodoso la memwari yangu (kazi ya utafiti ya kumaliza chuo) linahusu kuaminiana ndani ya AVEC na MUSO, yaani vikundi vya kuweka akiba, kukopeshana na kusaidiana, za wauzaji wa soko la Kadutu. Wahojiwa ni 180, wengi wao akina mama. Wahojaji wanne watasoma maswali kwa sauti na kuingiza majibu kwenye simu yenye KoboToolbox (programu ya kukusanya data). Wachache wanaopenda kujaza wenyewe watapewa karatasi.

Nina sentensi 22, zote zina majibu yaleyale matano: 1 Nakubali sana, 2 Nakubali, 3 Sina maoni, 4 Sikubali, 5 Sikubali sana. Mifano:

a) Wanachama wa kikundi changu wanaaminika.
b) Mweka hazina hatoi hesabu kwa uwazi.
c) Ninahudhuria mikutano mara kwa mara.
d) Nina hakika nitapata pesa zangu zote mwisho wa mzunguko.

Shida iliyotokea kwenye majaribio: watu walewale wanasema "nakubali" kwa (a) na kwa (b), ilhali sentensi hizo zinapingana. Alfa ya Cronbach, kipimo cha kama sentensi zinakwenda pamoja, imeanguka. Promoteri (mwalimu anayesimamia memwari) anataka nibadilishe niweke 0 mpaka 10. Mwenzangu mmoja anasema nichore nyuso za kucheka na za kununa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Je, majibu yawe 4, 5 au 7? Na ile ya katikati ibaki au iondoke?

---

Takwimu_Katuba (Lubumbashi)

Ndugu, acha kwanza kuhesabu majibu ni mangapi, usome hayo uliyo nayo kwa sauti. La mwisho limepinda. Ulitaka "Sikubali sana" iwe kilele cha kukataa, kama vile "Nakubali sana" ilivyo kilele cha kukubali. Lakini mtu akiulizwa kama anapenda sombe akajibu "sipendi sana", hajasema anaichukia. Ataila, ila haimsisimui. "Sana" ikifuata kitenzi cha kukanusha inapunguza ukali badala ya kuuongeza. Kwa hiyo namba 5 yako ni laini kuliko namba 4, na mhojiwa mwenye masikio mazuri ataiweka karibu na namba 3. Kosa hili limejaa kwenye madodoso yaliyotafsiriwa haraka kutoka Kifaransa. Andika "Sikubali hata kidogo". "Sikubali kabisa" inaweza kupita, lakini watu wetu waliosoma Kifaransa wanaichanganya, maana "pas du tout" na "pas tout à fait" zote mbili huwa zinatafsiriwa kwa "kabisa", na ya pili ni kukataa nusu tu.

Sasa hilo la kukubali kila kitu. Mtu anaposomewa sentensi na kijana mwenye simu na beji shingoni, kukubali ni adabu. Kupinga kunaomba sababu, kukubali hakuombi kitu. Tabia hiyo iko dunia nzima, na inazidi pale ambapo anayeuliza ana elimu zaidi ya anayeulizwa. Rensis Likert, mwenye mbinu hii ya sentensi za kukubali na kukataa, alipoichapisha mwaka 1932 alikuwa ameliona tatizo la kujibu upande mmoja tu, ndiyo maana alishauri karibu nusu ya sentensi zielekezwe upande wa pili ili mazoea ya kujibu yajitangue. Wewe umejaribu kufanya hivyo kwa kuweka "ha-" kwenye (b), na hapo ndipo Kiswahili kinakuangusha.

Kwetu "ndiyo" inakubaliana na maneno yaliyosemwa, haiangalii kama tendo lilifanyika. "Hukuja jana?" "Ndiyo, sikuja." Aliyezoea Kifaransa cha shule atasema "non" kwa maana ileile. Wote wawili hawakuja, majibu yao yamepishana. Sasa msomee mama wa kwanza na mama wa pili "Mweka hazina hatoi hesabu kwa uwazi", halafu uwaombe wakubali au wakatae. Mmoja anajibu sentensi, mwingine anajibu juu ya mweka hazina. Alfa haina kosa hapo, inakuambia ukweli. (Hakikisha tu kwamba uligeuza namba za sentensi za kinyume kabla ya kukokotoa: kwa ngazi ya 1 mpaka 5 ni 6 kutoa jibu, kwa 0 mpaka 10 ni 10 kutoa jibu. Wengi wanasahau hilo, halafu wanalaumu wahojaji.)

Dawa ninayoiamini ni kuacha kukubali na kukataa, na kuandika majibu yanayotoka ndani ya swali lenyewe. Watafiti Saris, Revilla, Krosnick na Shaeffer walilinganisha aina hizi mbili mwaka 2010 wakaona maswali yenye majibu yake mahususi yanatoa data bora kuliko sentensi za kukubali na kukataa. Sababu si ngumu. Kwa sentensi, mtu anafanya kazi mara mbili: kwanza ajue yeye mwenyewe yuko wapi, kisha apime umbali kati yake na sentensi yako na kuugeuza kuwa kiasi cha kukubali. Hapo katikati mengi yanapotea. Tazama (c): asiyekosa mkutano hata mmoja anaweza kukataa kwa sababu kwake "mara kwa mara" ni kidogo mno, na asiyekwenda kabisa naye anakataa. Jibu moja, watu wawili wasiofanana hata kidogo.

Ningeandika hivi:

a) "Ukiwafikiria wanachama wote wa kikundi chako, ni wangapi ambao unaweza kuwaachia pesa zako wakutunzie kwa wiki moja?" *Hakuna hata mmoja / wachache / kama nusu / wengi / wote.*

b) "Katika mikutano 4 iliyopita, mweka hazina alisoma hesabu ya kasha mbele ya watu wote mara ngapi?" *0, 1, 2, 3, 4.*

Angalia (b) imeacha kuwa maoni. AVEC nyingi hukutana kila wiki, kwa hiyo mikutano 4 ni karibu mwezi mmoja, kitu ambacho kichwa cha mtu kinaweza kukishika. Kama unataka pia hisia zake, uliza swali la pili: "Hesabu hizo zilikuwa wazi kwako kiasi gani?" *Hazikuwa wazi hata kidogo / zilikuwa wazi kidogo / kiasi / sana / wazi kabisa.*

Sentensi 22 zitakuwa maswali kama 14 hivi, na yatachukua muda uleule, maana kila swali linadai kufikiri. Usihuzunike kwa kupoteza nane.

---

Mama_Hojaji (Goma)

Papa Takwimu amesema vizuri, lakini amejibu kama vile dodoso litasomwa kwa macho. Hili litasikilizwa kwa masikio, sokoni, kati ya mteja wa nyanya na mteja wa fretini.

Anayesoma karatasi huvutwa na majibu ya mwanzo wa orodha. Anayesomewa huvutwa na ya mwisho, kwa sababu ndiyo bado yanalia sikioni. Orodha ya maneno matano ikisomwa mara moja bila kitu cha kutazama, "wote" na "wengi" zitapata kura zisizo zao. Kuna njia mbili, na unaweza kuzitumia pamoja.

Ya kwanza ni kugawa swali vipande viwili. Uliza upande kwanza, ukali baadaye. "Je, umeridhika na kikundi chako, hujaridhika, au uko katikati?" Akishajibu: "Umeridhika sana au kidogo?" Kila mara anachagua kati ya vitu viwili au vitatu, na wewe mwishoni una ngazi ya hatua tano bila yeye kuibeba kichwani. Kwenye Kobo ni maswali mawili, la pili linatokea kulingana na la kwanza, na utaunganisha wakati wa kuchambua. Kwa simu ya kupiga, yaani bila kuonana, sijui njia bora zaidi.

Ya pili ni kadi. Nusu ya A4, neno moja kwa mstari, herufi kubwa, na kando ya kila neno glasi iliyochorwa: tupu, robo, nusu, robo tatu, imejaa. Glasi inafaa kwa maswali ya kiasi gani, kwa sababu maana yake ni ileile ya neno. Nyuso za kucheka na kununa hazifai hapa. Uso unasema furaha na huzuni; swali lako linasema wangapi au wazi kiasi gani. Mama atachagua uso mzuri kwa sababu ni mzuri, au atakataa uso wa kununa kwa sababu hataki kuonekana mwenye hasira. Nyuso zinatumika kwa watoto na maumivu ya mwili, na huko zina kazi yake.

Halafu ubadilishe mpangilio: fomu zenye namba shufwa zianze na "hakuna hata mmoja", zenye namba witiri zianze na "wote". Kugeuza tu, si kuchanganya. Kobo inaweza kuchanganya majibu ovyo, na hiyo ni sawa kwa orodha ya vitu kama majina ya bidhaa, lakini ngazi iliyochanganywa si ngazi tena. Kama matokeo ya shufwa na witiri yanatofautiana sana, umejua ni kiasi gani cha jibu kilitoka kwenye mpangilio wala si kwa mhojiwa.

Kuhusu maneno yenyewe, kuna jaribio la dakika tatu ambalo watu wanaliruka. Andika kila jibu kwenye kipande chake cha karatasi, vichanganye, mpe mtu wa sokoni avipange kutoka kidogo mpaka kikubwa. Asiyesoma, msomee ukiwa umeshika karatasi ya rangi, kila neno na rangi yake. Fanya kwa watu 10. Kama watatu wamegeuza vipande viwili, maneno hayo mawili hayatofautiani kwao, hata kama kamusi inasema yanatofautiana. "Kiasi" na "kidogo" huanguka hapo mara nyingi. Na "siku zote" dhidi ya "kila siku". Na hiyo "mara kwa mara" yako, ambayo kwa mmoja ni kila mara na kwa mwingine ni mara mojamoja: itupe leo.

Kumbuka pia kwamba Kadutu si wote wanafikiri kwa Kiswahili. Kama mhojaji atatafsiri kwa Mashi (lugha ya Washi) hapo hapo kila mmoja kwa namna yake, una madodoso manne. Tafsiri ya majibu iandikwe mapema, neno kwa neno, wote wasome ileile.

---

Ruashi_Data

Kwa promoteri wa 0 mpaka 10: si ngazi mbaya, na kwa hesabu inapendeza. Lakini hapa Kongo kila mtu aliyekalia benchi la shule anajua 50% ndiyo kupita. Kwako wewe 5 ni katikati, hapendelei huku wala kule. Kwake ni mwanafunzi aliyepita kwa shida. Atatoa 6 kwa kitu kibovu kwa sababu hataki kukiangusha mtihani.

Na namba zina sauti zake. Mtafiti Schwarz na wenzake mwaka 1991 huko Ujerumani waliuliza watu wamefanikiwa kiasi gani maishani, ngazi ya hatua 11, maneno ya mwisho yaleyale. Kundi moja liliona 0 mpaka 10, lingine –5 mpaka +5. Waliojiweka kwenye nusu ya chini (0–5) walikuwa 34%. Kwa ngazi yenye hasi (–5 mpaka 0) walikuwa 13% tu. 0 ya ngazi ya kwanza inasikika "sikufanikiwa". –5 inasikika "niliharibu". Hakuna neno lililobadilika, namba tu.

Kama ukilazimishwa kutumia 0–10, chora ngazi ya kupandia na uhesabu: 0 ni chini kwenye udongo, kisha vipandio 10. Michoro mingi ina vipandio 10 vikianzia 1, halafu watu wanashangaa hakuna aliyejibu 0.

---

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana Papa, Mama, na Ruashi. Nimefuta "sikubali sana" na nimeandika upya (a) na (b) kama mlivyosema. Bado vitu vitatu vinanisumbua.

Katikati. Nimesoma wanaosema iondolewe ili watu wasijifiche. Kwa "kama nusu" naona haina shida, lakini kwa "umeridhika au hujaridhika" sijui.

Mtu asiyejua au asiyetaka kujibu, nimpe namba gani?

Na (d), ile ya hakika ya kupata pesa mwisho wa mzunguko. Ni jambo la mbele, hakuna mikutano ya kuhesabu. Pia promoteri anataka niongeze maswali ya njaa nyumbani na ya hali ya moyo, "kwa ngazi ileile ya tano ili jedwali lipendeze".

---

Takwimu_Katuba (Lubumbashi)

Nianze na namba, kwa sababu ndizo zinaharibu memwari kimyakimya. "Sijui" na "amekataa" visiwe ndani ya ngazi. Neno lako la kwanza, "Sina maoni" katika nafasi ya 3, lilikuwa limebeba mizigo mitatu: niko katikati, sijui, na niache. Ukilipa namba 3 umesema asiyejua ana imani ya wastani. Mpe 98 kwa sijui na 99 kwa amekataa, kila mahali, hata kwenye maswali ya ndiyo na hapana. Usitumie 8 na 9, maana siku utakapokuwa na swali la 0–10 utakuwa umewafanya wasiojua kuwa wenye furaha.

Kisha, kabla ya wastani wowote, geuza 98 na 99 kuwa tupu. Wahojiwa 180, tisa kati yao wana 98, waliobaki 171 wana wastani wa 3: ukisahau, kompyuta itakupa 7.75 kwenye ngazi inayoishia 5. Hiyo utaiona. Ile isiyoonekana ni pale ambapo umeshajumlisha maswali sita kuwa alama moja, na mtu mmoja ana 113.

Mhojaji asisome "sijui" pamoja na majibu mengine. Iwepo kwenye skrini, aibonyeze ikitamkwa. Ikisomwa, inakuwa mlango wa kutokea kwa kila aliyechoka.

Kuhusu katikati, swali la kujiuliza ni kama kitu chenyewe kina katikati ya kweli. Kitu chenye pande mbili, kuridhika na kutoridhika, kina mahali pa kusimama pasipo na upande. Ukiiondoa, unamlazimisha mtu aliyeko pale kurusha sarafu, na kelele hiyo utaiona kama maoni. Kitu chenye upande mmoja, kuanzia hakuna mpaka kingi, hakina hali ya bila upande, kina kiasi cha kati tu, nacho ni jibu kama mengine. Kwa hiyo mimi: pande mbili, hatua 5 au 7 zenye katikati, upande mmoja, hatua 5. Kila hatua iwe na neno lake, si za mwisho pekee. Kupita 7 faida inakuwa ndogo, na kwa sentensi za kukubali na kukataa hata 7 haiongezi kitu juu ya 5.

---

Mama_Hojaji (Goma)

Hapo kwenye katikati sikubaliani na wewe Papa, walau kwa maswali ya kikundi. Mwenyekiti wa AVEC yuko mita tano, anauza makala. Mama hawezi kusema hajaridhika, na hataki kusema uongo. Katikati inakuwa pazia. Kwa hayo maswali matatu au manne yenye jicho la mwenyekiti, ningetoa hatua 4 bila katikati, au bora zaidi nimgeuzie simu abonyeze mwenyewe kwenye rangi nilizomwonyesha, mhojaji akitazama pembeni. Kwa mengine, sawa, katikati ibaki.

---

Takwimu_Katuba (Lubumbashi)

Mama, mimi ningesema shida hiyo ni ya mahali pa kuhojia. Ondoa mwenyekiti, acha katikati. Kuondoa katikati hakumfanyi aseme kweli, kunamfanya aseme "nimeridhika kidogo". Ila hilo la kumgeuzia simu nalikubali bila masharti.

---

Mama_Hojaji (Goma)

Kumwondoa mwenyekiti kwenye meza yake ya makala, Papa, hiyo wewe utakuja kuifanya.

Mwana_Kadutu, (d) yako. Jambo la mbele linapimwa vizuri kwa maharagwe. Punje 10 mkononi na sahani moja. "Kila punje ni nafasi moja kati ya kumi. Ukiacha sahani tupu, unasema haiwezekani. Ukiweka zote 10, unasema ni hakika." Lazima kuwe na zoezi kabla: "Weka punje kuonyesha nafasi kwamba mvua itanyesha hapa kesho." Kisha, "ndani ya wiki mbili zijazo." Cha pili hakiwezi kuwa pungufu ya cha kwanza, maana kesho iko ndani ya wiki mbili. Akikosea, eleza mara moja na urudie. Akikosea tena, andika kwamba alikosea na uendelee. Alama hiyo ya zoezi ni safu muhimu kwenye data yako. Ndipo uliza: "Nafasi kwamba mwisho wa mzunguko utapata pesa zako zote ulizoweka?"

Matatizo yake: wengi wataweka punje 5, na kati yao kuna wanaomaanisha nusu kwa nusu na wanaomaanisha sijui. Akiweka 5, uliza: "Unaona nafasi ni sawasawa, au huna la kusema?" Wengine watakujibu "Mungu ndiye anajua." Rudia mara moja tu, "kwa unavyoona wewe leo", akisisitiza weka 98. Usibishane na mtu juu ya Mungu kwa ajili ya punje.

---

Ruashi_Data

Kwa promoteri na jedwali lake zuri: maswali yaliyotengenezwa na wengine huja na majibu yake, na majibu hayo ndiyo kipimo. Ukiyabadilisha umebaki na maneno, umepoteza chombo.

Njaa nyumbani, kuna HFIAS, dodoso la kupima upungufu wa chakula nyumbani, lenye maswali 9. Kila moja: je, ilitokea ndani ya wiki 4 zilizopita? Akisema ndiyo, mara ngapi: mara chache ni mara 1 au 2, wakati mwingine ni mara 3 mpaka 10, mara nyingi ni zaidi ya 10. Ona walivyofunga maneno kwa namba. Mhojaji ayaseme yote mawili, neno na namba, kila mara. Mgawanyo wa nyumba katika viwango vinne vya njaa unategemea mipaka hiyo. Ukiweka ngazi yako ya tano hauhesabiki.

Hali ya moyo, wengi wanakimbilia PHQ-9, dodoso la maswali 9 la dalili za sonona. Majibu yake ni 0 mpaka 3, muda ni wiki 2 zilizopita, jumla ni 0 mpaka 27, na mpaka unaotumiwa sana ni 10. Ukigeuza kuwa 1 mpaka 5 jumla inakuwa 9 mpaka 45, na hiyo 10 haina maana yoyote tena. Halafu swali lake la 9 linauliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru. Kama hujapanga mhojiwa atakayesema ndiyo atapelekwa kwa nani siku hiyohiyo, usilete PHQ-9 sokoni. Chukua WHO-5, kipimo cha hali njema ya moyo cha Shirika la Afya Duniani: sentensi 5, majibu 6 yenye namba 0 mpaka 5, wiki 2, unajumlisha na kuzidisha kwa 4 upate 0 mpaka 100. Ni fupi na haina swali hilo.

Kuhusu muda kwa jumla: usiandike madaraja ya mara ngapi bila kuwaza. Schwarz tena, 1985, saa za kutazama televisheni kwa siku. Waliopewa madaraja yanayoanza chini na kuishia "zaidi ya saa 2½", 16.2% walisema wanazidi saa 2½. Waliopewa madaraja yanayoanzia "mpaka saa 2½" na kupanda, 37.5% walizidi. Watu wanasoma madaraja yako kama taarifa ya watu wa kawaida wanafanya nini, halafu wanajiweka katikati. Kama mtu anaweza kutaja namba, mwache ataje namba, ingiza namba. Madaraja tengeneza mwenyewe baadaye.

Na kwa pesa, ukiweka madaraja, yasigusane. "5 000–10 000, 10 000–20 000": mwenye 10 000 kamili aende wapi? Kila mhojaji atampeleka kwake. Sema pia ni franga au dola, kwa sababu mtaji wa kitambaa unahesabiwa kwa dola na wa mboga kwa franga, siku ileile, meza zinazofuatana.

---

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Nimeelewa. WHO-5 badala ya PHQ-9, promoteri nitampelekea hoja hiyo ya 9 mpaka 45. Kwenye skrini niweke maswali kwenye jedwali moja au moja moja? Na wale wa karatasi, nilikuwa nimewachorea mstari wa sentimita 10 waweke alama popote.

---

Takwimu_Katuba (Lubumbashi)

Moja moja. Jedwali lenye mistari kumi linamwalika mhojaji, si mhojiwa peke yake, kushuka na safu moja kwa kidole. Baada ya siku ya kwanza, kokotoa kwa kila mhojiwa mchepuko (kiasi cha kutofautiana) wa majibu yake ndani ya kundi la maswali yenye ngazi moja. Waliopata 0 walijibu kitu kilekile kote. Mmoja au wawili ni kawaida. Kama ni wa mhojaji mmoja, kaa naye jioni hiyo, usingoje mwisho wa ankete (utafiti wa dodoso).

Tazama pia simu za wahojaji. Kwenye skrini ndogo jibu la tano linajificha chini mpaka mtu asukume. Fupisha swali hadi majibu yote yaonekane pamoja. Na ukishaanza kukusanya, usibadilishe tena namba za majibu kwenye Kobo. Neno unaweza kurekebisha herufi, lakini namba ikibadilika safu moja itakuwa na data za lugha mbili.

Pitia majaribio ya watu 30 hivi kabla ya ankete yenyewe. Swali ambalo 8 kati ya 10 wamechagua jibu moja halikupimii kitu. Kama wote wako juu, ongeza hatua huko juu: badala ya "wengi / wote", weka "wengi / karibu wote / wote bila kumtoa hata mmoja".

---

Mama_Hojaji (Goma)

Mstari wa sentimita 10, upime kwa rula baada ya fotokopi. Mashine ikipunguza ukurasa kidogo ili uingie, unapata sentimita 9.6 kwenye karatasi moja na 10 kwenye nyingine, na wewe utakuwa unasoma milimita. Tena kundi la karatasi litakuwa na milimita, kundi la simu litakuwa na hatua tano. Utayaweka vipi kwenye safu moja? Wape wa karatasi maneno yaleyale matano, yamepangwa wima, kila neno na kisanduku chake upande wa kushoto, shufwa na witiri kama kwenye simu.

Na kwenye kadi ya glasi, glasi tupu uichore na mstari mzito. Ikifotokopiwa mara ya tatu huwa inafutika, halafu ngazi yako inabaki na hatua nne.